Jina Langu Halirithiwi kwa Kombe

Mpwa wangu Shaabani,

Nina miaka sabini na nane, na mpira nikiupiga bado unaangukia pale ninapotaka mimi. Nimewazika ndugu zangu wote wa tumbo moja, wa mwisho ni mama yako. Nimeuona mkonge ukifa, nimeviona viwanda vikifungwa na vingine vikifunguliwa kwa majina mapya. Mikaratusi ya kando ya uwanja wetu wa gofu imepandwa nikiwepo, imekua nikiwepo, imekatwa nikiwepo. Kwa hiyo usidhani yale maneno uliyoyatuma kwenye simu za ukoo mzima yataniua.

Shule niliishia darasa la tatu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, polepole, na nikimaliza inabandikwa kwenye ubao wa makedi, wale wabeba mabegi wa uwanja wetu. Watakaoipiga picha na waipige, ikufikie huko ulikojificha. Ulinitukana hadharani, nami nakujibu hadharani.

Sauti yako nimewekewa mpaka nimeikariri. "Shikamoo mjomba. Jina la Mlunga ni langu, mimi ndiye mkubwa na mimi ndiye niliyeleta kombe. Wewe na Hamisi ni saa za ukutani. Hazikosei, sawa, lakini nani anatoka kwake kwenda kuitazama saa ya ukutani?"

Eti umeanza na shikamoo! Tusi umelivalisha kanzu. Haya, marahaba. Sasa kaa chini.

Wasiotujua waelewe kwanza. Mlunga ni jina nililolirithi kwa mjomba wangu, naye kwa mjomba wake, huko kijijini Kinole, mlimani. Kwetu Waluguru jina haliendi kwa mtoto wako, linakwenda kwa mtoto wa dada yako. Mwenye jina ndiye anayeitwa watu wakigombea mpaka wa shamba. Ndiye anayesimamia usafi wa makaburi, ndiye anayetangulia msibani kabla sufuria hazijafika. Dada yangu Zena alizaa wanaume wawili, Shaabani na mdogo wake Hamisi. Wote gofu niliwafundisha mimi, si kocha wa kutoka nje, mimi. Na wote mpaka leo ni wachezaji wa kulipwa, wanakula kwa fimbo.

Unakumbuka tulivyoanza? Mlikuwa mnashuka likizo na mdalasini wa mama yenu, mnalala kwangu Kihonda, Morogoro mjini, alfajiri nawapeleka uwanjani kabla wanachama hawajaja. Hamisi alikuwa anainama kama mtu anayetafuta sindano. Wewe nilikupa fimbo, ukaniuliza, "Mjomba, niupige mpaka wapi?" Nikakwambia mpaka ule mti. Ukauvusha mti. Nikakufokea kwa sababu sikukuambia uuvushe, halafu nikageukia mlimani ili usiyaone meno yangu.

Nikawafundisha kwamba uwanja wetu ni mwongo. Kwenye grini, pale penye majani mafupi lilipo shimo, macho yanakwambia ni tambarare, kumbe mpira unaikimbia milima ya Uluguru. Hamisi ilimchukua misimu kuamini. Wewe ulichuchumaa mara moja, ukatazama juu mlimani, ukasema, "Unaogopa mlima, kama mama anavyoogopa nyoka." Ukautumbukiza.

Na ile alasiri baada ya mvua! Wanachama wote wamekimbilia barazani, uwanjani tupo watatu tu, mimi, wewe, na Hamisi kakubebea begi. Ulicheza mashimo tisa ambayo sijayaona kwa mtu yeyote, na mimi nimewabebea begi mpaka mabalozi. Mpira ulikuwa unakwenda kama umeitwa jina. Shimo la saba hukutazama hata ulikoangukia, ulinikabidhi fimbo ukaanza kutembea, na mpira tukaukuta pua na shimo. Mimi, Mlunga, niliyehesabu kila mkwaju wa maisha yangu, siku ile niliacha kuhesabu.

Hasira yangu inaanzia hapo hapo. Kama nisingeiona alasiri ile, ningekuacha uende zako. Kuna vijana wengi hawana kitu na siwadai kitu.

Ukaleta kombe, kweli. Tukakupokea kwa ngoma, mama yako akacheza na goti lake lile bovu. Baada ya hapo? Shindano moja unaongoza, yanayofuata unarudishwa nyumbani kabla ya siku ya mwisho. Unatupa fimbo, unagombana na kedi, unasema upepo, unasema nyasi. Halafu siku moja unaamka, unacheza kama malaika, watu wanasahau yote, na wewe mwenyewe ndiye unayetangulia kusahau.

Sikiliza, we mtoto. Mpira mzuri hata mlevi anaupiga. Mchezaji wa kulipwa hupimwa kwa mpira wake mbaya, ni mbaya kiasi gani, na baada ya kuupiga anafanya nini. Mimi sikuwahi kushinda shindano kubwa, na nalisema kwa kifua mbele. Wa tano, wa nne, wa tano, wa tatu, siku nikiwa na homa wa saba. Hakuna mwandaaji aliyewahi kunifungisha begi mapema. Nyumba ya Kihonda unayoijua, kila tofali lake ni nafasi ya tano. Wanangu walisoma kwa nafasi ya tano. Unaicheka saa ya ukutani, na wali ulioula kwangu uliiva kwa saa hiyo.

Mama yako alikuwa anakutetea mpaka nakasirika. Alipokuwa mgonjwa, nikimsema Hamisi kwa wema, yeye anasema, "Najua, kaka. Hamisi ndiye ananigeuza kitandani. Lakini Shaabani akishinda mimi huwa napata njaa." Basi tukawa tunafuatilia kwenye simu kama umeshinda, ili dada yangu ale.

Akafa hujafika. Hapo nilinyamaza, kwa sababu safari ni safari na kifo hakitumi mjumbe. Lakini arobaini? Arobaini ilikuwa inajulikana, kila mtu alikuwa na tarehe. Wewe ukaenda Arusha kwenye shindano. Siku ya kwanza ukaongoza, tukasikia. Siku ya pili ukautia mpira majini, ukarusha na fimbo ikaufuata, ukatoka uwanjani bila kumaliza. Kwa hiyo ulikuwa huru, na kisomo kilikuwa kesho yake mchana. Watu wamekaa, masheikh wamefika, wote wanatazama njia. Mtani wetu mmoja akapaza sauti, "Jamani, si mlilete lile kombe likae kwenye mkeka, labda litaitikia dua!" Watu wakacheka, ndiyo kazi ya mtani. Mimi niliendelea kutazama njia.

Juzi ndipo nikapata la kunimaliza. Mwajuma, binti wa marehemu mdogo wetu, anayeuza nyanya pale njia panda ya Dumila, kanieleza kwamba asubuhi ile ya arobaini ulishuka kwenye basi la kutoka Dodoma na begi lako la fimbo, ukakaa kwenye benchi lake. Akakwambia, "Kaka, magari ya Morogoro haya hapa, panda, dua utaiwahi." Ukamjibu, "Nitaingiaje mikono mitupu, Mwajuma? Kule wanamsubiri bingwa." Ukanunua soda, hukuinywa, ukapanda gari la kurudi ulikotoka.

Mikono mitupu! Shaabani, nani alikufundisha kwamba msibani watu huingia na kombe? Mikono mitupu ndiyo inayoinuliwa kwenye dua. Ndiyo inayoshika jembe. Ulifika Dumila, ukaona haya kumlilia mama yako kwa sababu umetia mpira majini. Ungekuwa umelala na ulevi Arusha ningekuelewa kuliko hivi.

Siku ile ya arobaini wazee waliniambia, "Mlunga, umri umekwenda, tutajie atakayelishika jina." Nikaomba muda. Nilikuwa nakungoja wewe, mzee mzima nadanganya wazee wenzangu. Badala yako ikaja ile sauti ya saa ya ukutani. Basi Ijumaa nimepanda Kinole, nimelitamka mbele yao. Jina ni la Hamisi. Nikifa yeye ndiye Mlunga, na wewe mkubwa wake utamwamkia kama unavyoniamkia mimi, kwa sababu jina likikaa kwa mtu, mtu huyo ni mjomba.

Hakufurahi, kama unataka kujua. Alisema, "Mjomba, mwenye kipaji ni kaka." Nikamwambia kipaji hakichimbi kaburi.

Usidhani nimekufuta kwenye ukoo. Mvua imelibomoa kaburi la mama yako upande wa miguuni. Hamisi alikwishabeba jembe, nimemzuia. Nimewaambia wote, upande ule asiuguse mtu. Ni wako. Utakuja uuinue kwa mikono hiyo hiyo unayoionea haya, na sitakuuliza umeshika nafasi ya ngapi. Ila usichelewe, maana udongo wa mlimani haumngoji mtu apate siku yake nzuri.

Ni mimi mjomba wako, bado nina hasira,

Mlunga wa Kihonda

Wanaodhani nimetia chumvi wamuulize Mwajuma kuhusu benchi lake. Habari za nafasi zangu za tano waulize makedi wa zamani, waliobaki wananijua. Na habari za alasiri ile baada ya mvua wamuulize Hamisi. Huwa anawasimulia makedi wapya shimo kwa shimo, hakosei hata moja, na akifika la saba anasema, "Huyo ni kaka yangu."