Tiketi ya Mama Albertine

Kasongo, tarehe 18 mwezi wa tisa 2023

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na baba na nyumba nzima. Mko wazima? Mgongo wa baba unaendeleaje? Sisi huku tunaamka, tunashukuru.

Sikukupigia simu kwa sababu ukipanda kile kilima cha kutafutia mtandao, nusu ya Kabambare inapanda nawe kusikiliza, na hili si la kusikilizwa. Kile kivimbe nilichokuonyesha wakati wa mavuno, kwenye titi la kushoto, kimekua. Daktari wa hapa alikishika mara moja tu, akasema niende Bukavu kikatwe kabla mwaka haujaisha. Nilimuuliza nikichelewa itakuwaje. Alitazama dirishani. Mama, naogopa.

Ndege ya abiria ni dola mia mbili na hamsini, kwenda tu. Mshahara wa mwalimu unaujua. Lakini mtoto wako hajakaa bure, nimeuliza sokoni, nimeuliza hata kwa masista. Wanasema usisafiri mwisho wa mwezi, watumishi wa serikali wakiwa wamelipwa, maana bei inapanda. Ukilipa mwezi mzima mbele, wanakupunguzia. Tena kuna ndege za mizigo zinazoleta chumvi na bia. Zikirudi na mchele hubakiza nafasi, na nafasi hiyo inauzwa nusu ya bei. Unakaa juu ya magunia, basi. Niambie unaonaje.

Mtoto wako,
Aurélie


Kabambare, tarehe 25 mwezi wa tisa 2023

Aurélie mwanangu,

Amani iwe kwako. Barua yako Amuri wa pikipiki ameileta imelowa, lakini imesomeka. Baba yako anakusalimu. Mgongo wake unauma siku za kulima tu, siku za kwenda kunywa chai kwa Salomon hauumi.

Nimesoma barua nimejifungia ndani. Nilikuwa na hofu moja, hofu ya kivimbe. Sasa umeniongezea ya ndege.

Ndege ya magunia, hapana. Gunia likiteleza huko juu, nani atalirudisha mahali pake? Rahisi ghali, mwanangu. Panda ndege ya watu. Lipa mapema kama walivyokuambia. Wakipima mizigo tu na si mtu, vaa vitenge vitatu kimoja juu ya kingine, ufike Bukavu umenenepa. Mihogo na karanga uchukue za kwako, usinunue chochote njiani.

Hela iliyopungua, ngoja. Kuna mbuzi wawili. Natafuta siku nzuri ya kuongea na baba yako, maana mbuzi hao anawabembeleza kuliko alivyowahi kunibembeleza mimi. Ngoja barua yangu, usifanye haraka.

Mama yako,
Régina


Kasongo, tarehe 9 mwezi wa kumi 2023

Mama,

Salamu nyingi sana. Natumaini mvua haijaharibu karanga zenu. Mimi niko salama, ila usiku natembeza kidole juu ya kivimbe nikijiuliza kama kimeongezeka.

Nimeingoja barua yako ya pili wiki mbili. Usikasirike. Mbuzi waacheni wale majani, nimepata njia. Kuna mama mmoja hapa sokoni, Mama Albertine, anauza vitenge. Alikuwa amelipia nafasi kwenye ndege ya mizigo ya Alhamisi. Sasa binti yake amejifungua na yeye anabaki kumuogesha mtoto. Ameniachia tiketi kwa theluthi ya bei, Mama! Theluthi!

Nitasafiri kwa jina lake. Hapa kila mtu anafanya hivyo. Orodha ikishapigwa muhuri, ajenti wa ndege haibadilishi tena. Wanaohesabiwa ni vichwa na kilo, si majina. Baba usimwambie. Ni katekista, atasema ni uongo, na nitaanza safari bila baraka yake.

Najua uliyosema kuhusu magunia. Lakini kivimbe hakingoji mbuzi wauzwe. Alhamisi asubuhi mimi ndiye Albertine. Nikifika Bukavu nitatuma habari. Niombee.

Mtoto wako,
Aurélie


Kabambare, tarehe 17 mwezi wa kumi 2023

Aurélie,

Sijui barua hii namwandikia nani. Nakusalimu hivyo hivyo, kwa sababu sijui namna nyingine ya kuanza.

Tulisikia kwanza kwamba ndege iliyotoka Kasongo Alhamisi haikufika. Halafu kwamba imeonekana msituni, na hakuna aliyetoka mzima. Baba yako alijua ulikuwa na safari ya wiki hiyo. Siku tatu hakula. Jana jioni redio ikasoma majina. Tulikuwa watu kama kumi na watano tumeizunguka, mama yako mdogo Yvette amenishika mkono. Wakasoma yote, hadi la mwisho.

Baba yako aliruka kutoka kwenye kiti, yeye mwenye mgongo. “Jina ya mutoto yetu haiko! Régina, haiko! Wamesoma yote, haiko!” Wakaanza kuimba. Yvette alilia kwa furaha. Leo baba yako amechinja jogoo na amekwenda kanisani kushukuru, na kila anayepita njiani ananipa pongezi.

Lakini mimi nimelisikia. La saba. Albertine. Kabambare nzima, aliyejua ni mimi tu.

Nilisema naenda kuchuma mboga. Nilikaa nyuma ya nyumba, nikajiziba mdomo kwa kitenge ili nisisikike. Nimemwandaa jogoo yule mezani, mwanangu. Nimemsikia baba yako akisema Mungu ametenda, nikasema amina. Ningemwambiaje? Na nikinyamaza, nakuliliaje?

Nimepanda kilima mara nne. Mtandao hakuna, wanasema antena imeishiwa mafuta. Daraja nalo limechukuliwa na maji. Amuri amesema atavusha pikipiki kwa mtumbwi, atajaribu. Kama uko hai, hata kama umevunjika mikono yote miwili, mwambie mtu aniandikie neno moja. Sikukasirikii. Njoo tu.

Mama


Kasongo, tarehe 23 mwezi wa kumi 2023

Mama yangu, Mama yangu,

Niko hai. Amuri amenipa barua yako jana na ameniona kwa macho yake, muulize. Niko hai, mzima, kivimbe changu bado ninacho.

Nisamehe. Simu haikuingia, na pikipiki zote zilikuwa zimezuiwa na maji. Nilidhani redio itakutuliza. Sikufikiri kwamba wewe ungesikia jina lile. Nitabeba hilo hadi kufa.

Sikia ilivyokuwa. Nilikuwa nimeshakaa juu ya magunia. Ajenti akaja mlangoni, akasema, “Mama Albertine, weye iko muzito. Shuka, mutu mwepesi aingie.” Nyuma yake alisimama mwanamke mwembamba wa rika langu, na nilimuona akimtilia ajenti kitu mkononi. Hela yangu nilirudishiwa nusu. Yule dada akaniambia, “Unisamehe. Miye lazima nifike leo.” Nami nikamjibu mbele ya watu wote, “Mungu iko anakuona!” Mama, ndilo neno langu la mwisho kwake.

Orodha haikubadilishwa. Mama Albertine yuko hai, anamuogesha mjukuu wake. Ndugu zake walikuja na kilio, wakamkuta anakoroga uji. Ajenti amekuja kwetu wawili. Anatuomba tunyamaze tusije tukafungwa sote. Jina la yule dada hata ajenti halijui.

Tangu jana sipati usingizi kwa sababu ya barua yako. Baba aliruka kwa sababu hakusikia jina langu. Mahali fulani kuna mzazi mwingine aliyesikiliza redio ile ile akaruka vile vile, na huyo mtoto wake hatarudi.

Kikapu chake kilibaki, walikataa kilo zake. Kina samaki wa kukaushwa. Wauza samaki wa hapa wanasema ususi wake ni wa Nyangwe. Nataka kwenda, lakini naogopa. Nikifika nitasema nini? Kwamba nilimlaani?

Mtoto wako,
Aurélie


Nyangwe, tarehe 30 mwezi wa kumi 2023

Mwanangu Aurélie,

Nakusalimu kutoka Nyangwe. Tulipolala kwako juzi, mimi na baba yako, tulipokuja kuchukua kikapu, nilikukumbatia hadi ukalalamika, na leo mikono yangu bado inakutaka.

Baba yako nilimweleza yote mbele yako. Asubuhi aliniamsha mapema, akaniambia niwahi, mzazi yule asiendelee kushukuru bure. Hela ya mbuzi ameiacha kwa masista wakununulie nafasi kwenye ndege ya abiria. Ulipe bei yake yote, kwa jina lako, na uwaangalie wakiliandika. Kivimbe kikatwe. Usiniletee tena habari za theluthi.

Mimi nimefika mchana. Nilikuwa na kikapu mkononi tu, sikuhitaji kuuliza sana. Wanawake wa samaki walikitambua, wakanionyesha nyumba. Ni ya mama mmoja anaitwa Marie, mjane. Binti yake ni Sidonie. Alikuwa anamfuata mume wake, ambaye ni mgonjwa huko Bukavu.

Marie aliona kikapu kabla hajaniona mimi. Alipiga vigelegele. Anadhani Sidonie amenituma. Aliniambia redio ilimtia hofu sana, lakini jirani zake walisikiliza hadi mwisho na jina la Sidonie halikuwemo. Alinishika mikono yote miwili na kuniita dada. Nami nikamkabidhi kikapu.

Ameniletea maji ya kuoga. Ameniweka hapa barazani nipumzike, na sasa yuko jikoni anasonga ugali, anaimba. Nimeomba karatasi, nikasema namwandikia binti yangu. Amesema, “Umuandikie, mama, umusalimie sana. Watoto wakiwa mbali tunaisha.”

Nimekuandikia ili nichelewe kidogo kumwambia, amalize wimbo wake. Wimbo umeisha. Nasikia anakuja na sahani.

Mama yako,
Régina