Jina Lako Kwenye Jedwali

Rafiki yangu,

Wanataka kukuandika kwenye jedwali la majina la kitabu chetu, mstari wa mwisho kabisa, na ruhusa wameniomba mimi. Nilikaa na ombi hilo muda, na sasa nimelijibu. Nakuandikia nikueleze nilichojibu, maana ungekuwa hai ungebisha, na hakuna ninachokikumbuka kwako kama ubishi.

Kwanza habari. Kitabu chetu kinauzika, ndugu yangu! Unakumbuka tulivyochekwa hapa Lushoto tulipoeleza kwamba kuna watu wanaoketi mezani, mmoja akasimulia, wengine wakajifanya wasafiri, dadu zikaamua nani aanguke mtoni na nani avuke? "Mshindi nani?" wakatuuliza. Tukasema hakuna mshindi. "Sasa mnacheza nini?" Tulipoongeza kwamba hata mchezo wenyewe hatuuzi, tunauza kitabu cha nchi ya kuchezea, milima yake, masoko yake na ugomvi wa koo zake, mjomba wako akasema afadhali tungelima kabichi. Lakini wewe ulikuwa umeshaliona soko. Vitabu vya namna hiyo vimejaa ngome na mazimwi, na wanunuzi wa ng'ambo wamekinai. "Tuwauzie ukungu wetu," ulisema, "huku unapotea bure kila asubuhi." Ukaandika, nikachora ramani, tukaiita Nchi ya Juu na kuiweka, kama faili ya kupakua, kwenye duka la mtandaoni lisilouza kitu kingine ila vitabu hivyo.

Ulipokufa mauzo yakapanda. Kifo nacho ni tangazo, ungesikia ungecheka mpaka upaliwe. Wengi bado wananunua wasome tu kitandani, wala hawachezi, jambo lililokuwa likikuudhi sana. Lakini wanaocheza wameongezeka, na wananiandikia. Wote wanasifu jedwali la majina. Wasafiri wakikutana na mtu njiani, msimulizi anarusha dadu, anatazama namba kwenye jedwali, anaita jina lililo mbele yake, na mtu huyo anaingia mchezoni. Kwenye vitabu vya wenzetu majina ni ya kubuni, ukiyasikia utadhani ni dawa za kikohozi. Yetu, wanasema, yana watu ndani yake.

Kisha zikaanza kuja barua za namna nyingine. Kikundi kimoja cha Kanada kiliandika kuuliza kwa nini kila anayeitwa kutoka kwenye jedwali anaomba maji. Nikapekua kitabu chote, hukuandika hivyo popote. Kikaja kikundi kingine, cha nchi nyingine, wasiojuana na wale wa kwanza: kwao pia wanaomba maji, au wanauliza kama kuna chochote cha kutia mdomoni. Nikajisemea wachezaji ni watu wa kuambukizana mambo, yaishe. Kisha mwanamke mmoja wa Ureno akaniambia kwamba mezani kwake yule Nankondo wa jedwali hageuzi kamwe shingo upande wa kushoto. Hajui kwa nini alimsimulia hivyo. Anasema mdomo wake ulitangulia.

Wakati huohuo muuza vitabu mmoja wa ng'ambo akataka kukichapa kitabu chetu kwa jalada gumu, kitu tulichokiota sote wawili. Wazo la kukuingiza kwenye jedwali ni lake, na aliliweka kuwa sehemu ya mpango. Alisema kila meza duniani itapata bahati ya kukutana nawe. Wanunuzi waliposikia wakatoa machozi. Mimi pia nilitoa, na yangu yalikuwa ya furaha. Nilikitaka kitu hicho, sikufichi. Nilitaka niketi mezani, dadu zisimame, na wewe utokee kwenye kona ya njia na ile kofia yako mbaya.

Lakini jina ni la ukoo, halitolewi na rafiki. Nikapanda kijijini Gare kwa shangazi yako. Nilimkuta kibarazani akimenya njegere, nikamwamkia shikamoo, akaitikia na kunisukumia ungo nimsaidie, maana kwake mgeni haketi bure. Nikamweleza mpango wote. Hakujali jalada wala wanunuzi. Alitaka kusikia hilo jedwali lenyewe. Nikamsomea kwenye simu: Shekiondo, Kibua, Nankondo, Zayumba. Kabla sijafika mbali mikono yake ilikuwa imesimama.

"Hayo majina kayatoa wapi?"

Nikasema wewe ndiye uliyeyaandika, sikuwahi kukuuliza.

"Kayatoa kinywani mwangu," akasema. "Huo ndio mpangilio wangu wa tambiko. Hata Zayumba kamweka nyuma ya Nankondo, kama ninavyomweka mimi."

Ulikuwa mvivu wa kubuni majina, tangu shule. Ulihitaji majina mengi kwa haraka, ukayachukua yale uliyoyasikia tangu utotoni, pale mgombani ambako shangazi yako, kisomo cha msikitini kikiisha, huwaita wazee wenu mmoja mmoja na kumwagia kila mmoja maziwa na unga. Najua hukuwa na nia mbaya. Ulidhani ni majina mazuri yaliyokaa tu.

Akaniuliza nani anawaita huko. Nikasema watu wa Ulaya, wa Marekani, wa kila mahali. "Na wakija wanapewa nini?" Nikasema hawapewi kitu, Shangazi, ni mchezo. Nikamuuliza kuhusu Nankondo na shingo. Akasema aliungua moto akiwa msichana, ngozi ya upande wa kushoto ikajikunja, akafa hivyohivyo. Kisha akarudia kumenya, ila maganda alikuwa akiyatia kwenye njegere na njegere akizitupa chini.

"Mwaka huu niliita," akasema, "hakuja mtu. Unajua ukipiga hodi kwenye nyumba ambayo watu wote wako shamba? Maziwa yalikaa juu ya udongo mpaka yakaganda. Nikadhani nimekosea mimi."

Wewe uliumwa kifua, daktari alitueleza vizuri, na mimi ni Mlutheri niliyesoma, siwezi kuanza kusema mengine. Lakini nilipokuwa nikishuka kutoka Gare nilikumbuka wodini. Ulikuwa ukiitika. Hakuna aliyekuita, chumba kimya, na wewe unasema "Naam," mara "Nakuja," kwa ile sauti ya heshima uliyokuwa ukiwapa wakubwa tu. Nesi alisema ni homa.

Sasa sikiliza nilichofanya, na usinitukane. Nilifika nyumbani alasiri, ukungu umeshuka mpaka dirishani. Nikafungua jedwali, nikakuandika mstari wa mwisho, jina lako na la baba yako. Nilitaka kuona tu linavyokaa. Nikarusha dadu. Namba iliyokuja ilikuwa yako.

Sikuita kwa sauti. Nilikusoma kwa macho.

Mtu akaanza kupanda ngazi za nje. Unazijua ngazi zangu, hakuna anayezipanda bila kuhema, na kila mtu anahema kwa namna yake. Huyu alipumzika pale ulipokuwa ukipumzika, kwenye jiwe linalocheza. Akaja mpaka mlangoni, akasimama. Hakupiga hodi. Nilimsikia akivuta pumzi kama mtu aliyetembea kutoka mbali sana na ambaye bado hajafika.

Nilitaka kufungua. Mungu anajua nilivyotaka, nilikuwa nimeshashika komeo. Chai ilikuwepo. Kilichonizuia ni kwamba nilifikiria kitakachofuata. Ningekukaribisha, ungeketi, ungeshika kikombe, na kabla hujanywa mtu fulani Kanada angerusha dadu, ukanyanyuka. Kisha Ureno. Kisha kwa vijana wanaocheza huku wanakula vibanzi, wasiokumwagia hata tone. Nikarudi mezani, nikakufuta. Pale nje pakawa kimya, sikusikia hatua tena, hata za kushuka. Sikufungua mlango mpaka ukungu ulipoondoka, na nililia kuliko siku tuliyokuzika.

Nimemjibu muuza vitabu kwamba haiwezekani, na kwamba jedwali lote litolewe. Akasema Nchi ya Juu bila yale majina ni kitabu kama vingine, na akajitoa. Jalada gumu limekwenda na maji, nisamehe. Dukani nimeweka majina ya kubuni, nayo kweli yanasikika kama dawa za kikohozi, na mauzo yameshuka. Shangazi amefurahi kusikia yameshuka. Labda ndiye mtu pekee hapa milimani mwenye furaha ya namna hiyo.

Ila faili zilizokwishanunuliwa hazirudi. Ziko kwenye kompyuta za watu, hakuna wa kwenda kuzikusanya. Kwa hiyo nimewaandikia wanunuzi wote wa zamani kanuni mpya: kabla ya kurusha dadu za majina, weka kikombe cha maji katikati ya meza, na mchezo ukiisha yamwage juu ya udongo. Wameipenda sana. Wanadhani ni ubunifu. Shangazi aliita tena juzi, akaniambia udongo ulikunywa, taratibu, kama mtu aliyechoka.

Kwa ajili yako sina kanuni ya kutosha. Wale waliolipenda wazo la muuza vitabu hawakungoja ruhusa yangu. Wamekuandika wenyewe, kwa kalamu, chini ya jedwali kwenye nakala walizojichapia, wakapiga picha na kunitumia. Ni upendo, wanasema. Siwezi kuingia kwenye nyumba zao nikakufute.

Basi pumzika, rafiki yangu, kadiri watakavyokuacha upumzike. Maziwa yako nitayapeleka mwenyewe kila Shangazi anapoita, na atakayekutaja hapo ni yeye peke yake. Mimi nimekuandikia barua yote hii na jina lako sijaliandika hata mara moja, na sitaliandika wala kulitamka maisha yangu yote. Kwa hiyo ukisikia sauti usiyoijua inakuita kwa jina, hata ikiita kwa upole, hata ikiita kama mtu anayekulilia, ujue si mimi. Usiitike.