Unene wa Desemba

Uru, 4 Januari 2024

Mwanangu Filemon,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Mtwara, joto linakuacha ulale? Sisi wazima kwa neema ya Mungu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Krismasi wote walipanda kuja nyumbani isipokuwa wewe. Kila aliyeingia uani alinisifu nimenenepa. Shangazi yako Ndelilio akasema matunzo ya watoto yameonekana mwilini. Nikacheka, lakini sketi ya kwaya haifungi, viatu vimenikataa, na nikitoka kanisani napumzika njia nzima. Tabitha, mke wa kaka yako, ananipikia kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kila wiki, eti damu iongezeke.

Ile betri ya moyo uliyonisimamia niwekewe inafanya kazi. Sijazimia tena.

Mama yako, Elisifa

Mtwara, 15 Januari 2024

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, ila barua yako imeninyima usingizi. Nimeitazama picha ya Krismasi aliyonitumia Tabitha. Mama, huo si unene. Uso umekonda, miguu na tumbo ndivyo vilivyojaa. Hayo ni maji. Acha kisusio, punguza chumvi, nenda hospitali mjini uwaambie una betri. Nenda wiki hii, nakuomba. Naogopa.

Mwanao, Filemon

Mtwara, 26 Februari 2024

Mama, shikamoo.

Mbona kimya? Nikipiga simu unasema utaenda. Tabitha anasema uko shambani unapalilia kahawa. Unangoja nini, Mama?

Mwanao, Filemon

Uru, 21 Aprili 2024

Filemon wangu,

Marahaba, baba. Hujambo? Huku mvua hazina adabu, migomba imelala.

Nilikuwa nakwepa kwa aibu. Watu walishanisifu mbele ya ukoo mzima, ningewaambiaje kwamba ulikuwa ugonjwa? Wiki iliyopita nilishindwa kupumua nikilala chali, kaka yako akanibeba hadi hospitali.

Daktari, binti mpole, alinionyesha moyo wangu kwenye kioo cha mashine. Waya wa betri unapita katikati ya valvu ya upande wa kulia, basi valvu haifungi vizuri na damu inarudi ilikotoka. Ni kama mlango wa zizi uliopitishiwa kamba. Nikamwambia autoe. Akasema umeshikana na nyama ya moyo, kuuvuta kunaweza kuichana. Wakubwa wake wa Dar wamesoma vipimo: moyo umechoka mno, hauwezi kupasuliwa. Nimepewa vidonge vya kutoa maji. Akaanza kusema, "Ungekuja mapema, bibi," halafu akageukia karatasi zake.

Wewe usijilaumu kwa hiyo betri, nakukataza. Hakuna aliyekosea, huwatokea baadhi ya watu. Bila hiyo ningekufa siku ile nilipoanguka kwenye kahawa, na wajukuu wasingenijua.

Mama yako

Mtwara, 29 Aprili 2024

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisomea chooni kazini, wenzangu wasinione ninalia. Nimeomba ruhusa, wamekataa. Wanasema nitapata likizo Desemba, na safari hii nitakaa mwezi mzima. Nitakupikia mimi mwenyewe mtori wa ndizi usio na chumvi, hata ukinicheka. Kunywa dawa, Mama. Vumilia kidogo tu.

Mwanao, Filemon

Uru, 10 Mei 2024

Filemon,

Marahaba. Leo naandika kifupi, mkono unachoka. Vidonge nakunywa, lakini maji yamerudi, na sasa nalala nimekaa kwenye kiti.

Najua kazi ni ngumu kupata, na sijawahi kukuomba uiache. Leo nakuomba. Ukija Desemba utakuta uani kumejaa watu, nyama imechomwa, na mimi niko chini ya migomba karibu na kaburi la baba yako. Hao wote watakupokea vizuri. Lakini mimi ndiye ninayekutaka.

Njoo sasa, baba, nikuone.

Mama yako