Maji ya Kijito Nyuma ya Shule

Jumatatu, 4 Machi
Bomba la mafuta limepasuka tena. Kijito nyuma ya shule ni cheusi, na harufu imenifuata mpaka darasani ninapofundisha. Kampuni inasema ni mafuta kidogo tu, mvua itayaosha. Mwanasheria anayetutetea wanakijiji anataka maji kwenye chupa, yakapimwe mbali. Nani ateremke kwenye tope lile? Mimi — kimbelembele changu! Nimeazima buti za mpira za kaka, mlinzi wa bomba hilohilo. Hakuuliza za nini. Alisema tu zirudi safi.

Jumanne, 5 Machi
Chupa zimejaa, ziko chini ya nguo chafu. Buti nimezisugua mpaka zikang'aa. Wifi alicheka: kumbe unajua kazi, nilidhani ni chaki tu.

Alhamisi, 7 Machi
Wamemchukua kaka. Askari wawili na bosi wake. Wamekuta nyayo kijitoni, za buti zenye nembo ya kampuni kwenye soli. Soli! Nimezivaa, nimeziosha, sikuitazama nembo hata mara moja. Mjinga mimi. Naogopa.
Mama anapepeta mchele alioupepeta asubuhi.

Ijumaa, 8 Machi
Wifi amepeleka chakula kituoni. Wamemwambia wanajua maji yamechotwa; chupa zikifika, kaka anatoka leo leo. Zisipofika, ni kesi ya uchochezi, na kesi hiyo hairudishi watu haraka. Kijito wameshakifukia kwa mchanga. Maji ya kupima ni hayo tu.
Kaka amewaambia ni yeye aliyechota. Wifi akamwinamia, akanong'onezwa: mwambie mdogo wangu nilijua buti zinakwenda wapi. Asikanyage hapa, wala chupa zisiletwe. Wanangu wanayanywa maji yale.
Wifi alipomaliza kunieleza hakunitazama usoni.

Jumamosi, 9 Machi
Mama amezikuta chupa. Amezipanga kwenye kikapu, amejifunga kanga ya kutokea.
Nikamwambia, mama, dereva wa mwanasheria yuko njiani kuzifuata. Kaka mwenyewe amekataa.
"Nilizaa wawili," akasema. "Kijito sikukizaa."
 
Dereva amefika, anapiga honi. Mama anapekua chumba kizima, anatafuta kitambulisho — bila hicho hapiti getini kituoni. Ananiuliza kama nimekiona. Nimekikalia. Kikapu kiko mezani, mkono ukinyooka unakifikia. Honi tena. Siinuki.