Gunia Lenye Jina Letu

Baba Chepngeno,

Githeri iko kwa sufuria. Ndama apewe maziwa saa kumi, usisahau. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi kesho.

Leo asubuhi tumefungua kanisani magunia ya kusaidia wale waliosombewa nyumba na maji. Ni mimi niliyetangaza kila gunia liandikwe jina la nyumba, ndio watu waone aibu kuleta matambara. La kwetu nikalifungua mwenyewe, mbele ya kina mama wote, nikijidai. Yakatoka masweta yaliyoliwa na panya na gambuti moja ya mguu wa kushoto. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Zile blanketi mbili nilizopakia jana nimezipata: moja upande wako wa kitanda, ingine imefunika ndama. “Hao watashukuru chochote,” ndivyo ulivyomwambia Chepngeno ukizitoa. Mtoto hakuficha.

Sasa sikia. Chepngeno nimeenda naye, na blanketi zote za nyumba nimepeleka kanisani. Ya ndama nimemwachia, yeye hakudanganya mtu. Gunia lako nimelirudisha, liko kitandani. Baridi ya Mau Narok unaijua.

Jifunike, ushukuru.

Mama Chepngeno