Mita Moja na Nusu ya Mpakani

Jumatatu, 1 Septemba
Nimepima tena. Mara ya tatu tangu jana. Chai imechemka ikamwagika, mimi niko nyuma ya nyumba na futi kamba ya mume wangu, Idi.

Hati inasema kiwanja chetu hapa Makole ni mita ishirini kwa ishirini. Mita za mraba mia nne. Ruhusa yetu ni kujenga nusu. Mia mbili. Nyumba imekula mia na arobaini, choo cha nje na stoo ishirini na nne. Zinabaki thelathini na sita. Chumba ninachotaka kumjengea Mama, pamoja na choo chake, ni kumi na nane tu. Hesabu imekubali. Alhamdulillahi.

Jumatano, 3 Septemba
Nimepeleka mchoro kwenye ofisi ya vibali. Dada aliyenipokea mpole sana, kanieleza taratibu kama mtu wa nyumbani. Eneo peke yake halitoshi. Lazima niache mita moja na nusu kutoka mpakani, na nyingine kama hiyo kati ya jengo na jengo.

Nimerudi kupima. Stoo hadi ua wa minyaa: tano na nusu. Toa moja na nusu ya mpakani. Toa moja na nusu ya kupita. Mbili na nusu.

Kitanda kinaingia. Mama na kitanda pamoja, hapana. Nimekasirika, nikamkaripia hadi kuku.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimempigia Mama, Kondoa. Ukuta wa nyumba yake ulianguka mvua zilizopita. Anakaa kwa binamu yangu, kwenye chumba cha kuhifadhia mahindi. Goti limevimba, mlima haupandi tena. Nimemwambia aje sasa hivi, chumba cha wageni kipo wazi.

Amekataa. Mama mkwe halali nyumba moja na mkwe wake. Choo chao si kimoja. Atakuja siku atakapokuwa na mlango wake, paa lake na choo chake. Si kiburi, ndivyo alivyolelewa. Najua hatabadilika.

Idi akasema basi yeye atakuwa analala karakana, Kizota. Mtu mzima, fundi wa madirisha, alale juu ya mabati kwa ajili ya mkwewe. Mama aliposikia alicheka sana, akamwombea dua, akakataa vile vile. Nina mume mwema. Sijawahi kumwambia, naandika hapa.

Jumatatu, 8 Septemba
Ofisini tena. Dada ameniuliza nimepima hadi wapi. Nikasema hadi kwenye minyaa. Akatabasamu. Kiwanja kinapimwa kwa mawe, si kwa miti. Mawe manne ya wapima ardhi, ya saruji, yana chuma katikati na namba.

Aibu. Miaka kumi na moja karani wa masijala. Mafaili ya watu nayajua ukurasa kwa ukurasa, hati yangu nimesoma ukurasa wa juu tu.

Atakuja Jumatatu ijayo. Akiyaona mawe yote manne, kibali kinatoka. Likikosekana moja, aitwe mpima aje kulirudishia, na foleni ya wapima itavuka mvua. Mama hawezi kuvuka mvua nyingine kwenye magunia. Hilo tu ndilo ninaloliwaza.

Ijumaa, 12 Septemba
Mawe matatu tumeyaona. La nne hakuna. Kona ya nyuma kulia, pale pale patakapojengwa chumba cha Mama.

Tumechimba kufuata minyaa yote. Hakuna; nyuma yake ni mwamba. Idi anasema aliyetuuzia alipanda ua pale udongo ulipokubali jembe, akauingiza ndani kukwepa mwamba. Kwa hiyo kona iko ng'ambo, kwa Mama Neema.

Mama Neema na mimi hatusalimiani tangu Ramadhani. Anapika nje, nyuma kidogo ya minyaa, na moshi wake wote unakuja kwenye kamba yangu ya nguo. Nilimtolea maneno. Mabaya, tena mbele ya watoto wake. Leo niende kumwomba nichimbe jikoni kwake? Naogopa. Naona haya zaidi ya kuogopa.

Jumamosi, 13 Septemba
Nilikuwa nimeinama na jembe. Mama Neema akachungulia kwenye minyaa, akauliza natafuta nini. Nikasema jiwe la mpaka. Akageuka kutazama jiko lake.

"Lenye chuma katikati? Mama Salma, hilo si ndilo figa langu."

Alilikuta alipohamia. Limesimama imara, halisogei. Akaongeza mawili, akainjika chungu. Miaka tisa anasonga ugali juu ya mpaka wetu, na mimi miaka yote nagombana na moshi wa jiwe langu mwenyewe.

Angeweza kukaa kimya. Nani angejua? Badala yake aliipua maharage hayajaiva, akamwagia moto maji, akasugua masizi kwa gunzi na majivu. Namba ikatokea. Ile ile ya kwenye hati.

Nililia. Nikamwomba radhi. Akasema hata yeye angekasirika, yale mashuka yalikuwa meupe kweli.

Tumepima wote watatu. Stoo hadi mpakani: saba na nusu. Toa, toa. Nne na nusu. Mama anaingia.

Jumatatu, 15 Septemba
Dada amekuja, ameyaona manne, ameandika kwenye faili. Mungu ambariki.

Nilipomsindikiza nikamkuta Mama Neema anabeba mafiga yake mawili, hajui ayaweke wapi. Uwanja wake mwamba mtupu na mteremko. Nikamrudia dada: kwenye ile mita moja na nusu, je? Akasema hakuna kujenga chochote. Akayatazama mafiga. Akasema mafiga si jengo.

Mama Neema ameyarudisha. La tatu nimemtafutia mimi, zuri, bapa juu. Jiwe la mpaka likae na namba yake. Minyaa tunaing'oa kesho.

Jumapili, 16 Novemba
Mama amefika juzi. Idi alikuwa amemfungia madirisha aliyoyachomelea mwenyewe, akampokea mizigo getini, wakasalimiana kila mmoja akitazama pembeni. Wote wawili walifurahi, nilijua.

Leo wingu limefunga tangu asubuhi. Mama ametoka kwa mlango wake, goti taratibu, hatua nne tu hadi kwa Mama Neema. Wamekaa kando ya mafiga, wanapika mlenda. Sisikii wanachosema.

Nimeanua nguo kabla ya mvua. Zote zinanuka moshi. Nimezikunja hivyo hivyo.