Nimebandua Karatasi Zako Zote

Sijasema wewe ni mjinga. Ulibamiza mlango wa bafu kabla sijamaliza, kwa hiyo nakuandikia yaliyobaki.

Chakula kiko kwenye sufuria ya bluu. Ukishapasha zima gesi, usituchomee nyumba kwa sababu ya hesabu.

Asubuhi nilipokupa ile milinganyo ya x na y, uligeuka ukatazama friji. Nikadhani una njaa. Kumbe ndiko ulikobandika hatua zake! Pembetatu ziko kwenye kioo, asilimia mlangoni mwa choo. Mwanangu, umekariri karatasi ilipo, hesabu yenyewe hujaishika. Mtihani ni kesho kutwa, na chumba cha mtihani hakina friji.

Nilicheka, ndiyo. Nilicheka kwa woga. Na wewe ukanijibu kwamba stashahada yangu ni ya zama za kale. Hilo tutaliongea jioni.

Baba yako katoka zamu ya usiku, mwache alale. Akiamka, mkalishe hapa mezani umfundishe milinganyo kwa mdomo, bila kuchungulia popote. Ukikwama, anza upya.

Baba Watoto, usimsaidie. Kazi yako ni kuuliza "kwa nini?" kila hatua, hata akikununia.

~~Nimekuachia ile ya kwenye friji, ya kuanzia tu.~~

Hapana. Nilishafika mlangoni, nikarudi nikaibandua nayo. Zote zimo mkobani mwangu, naenda nazo kazini.

Mama